Redio zisimamiwe, lakini anayetoa leseni asiwe hakimu

Mapema mwaka 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe, na uvumi ukatembea kwa kasi kuliko taarifa rasmi. Wakati kama ule, redio ikimruhusu mtu ataje hewani jina la anayemshuku, jirani asiye na hatia anaweza kupigwa hadi kufa. Kwa hiyo hawanishawishi wanaotaka vyombo vya habari viachwe bila msimamizi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini redio inakwenda na mtu hadi shambani, na ikisema inaaminiwa.

Ninachopinga ni mamlaka kurundikwa sehemu moja. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo inayotoa leseni za utangazaji, na Kamati ya Maudhui iliyo chini yake ndiyo inayosikiliza shauri na kuadhibu. Magazeti nayo yamefungwa kwenye leseni ya kila mwaka. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho yalikuja 2023, na hilo nalipongeza, ila leseni ya mwaka ikabaki.

Chukua kipindi cha asubuhi cha kupiga simu, Makambako au Mbeya. Mkulima wa viazi analalamika kwamba mbolea ya ruzuku inauzwa kwa bei ya kuruka, anaanza kumtaja wakala. Mtangazaji anamkatiza: "Hapo kwenye jina tuishie, mzee wangu." Amefanya sawa, wakala hayupo kujibu. Kazi iliyobaki ni kumtafuta wakala na afisa kilimo, habari irudi kesho yake imekamilika. Kituo kidogo kinachohofia faini au kufungiwa hakiirudishi. Hakuna aliyekikataza, na mkulima anabaki bila mbolea.

Tena hofu hiyo ina historia. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi, Septemba 2012, na askari polisi akatiwa hatiani kwa kifo chake mwaka 2016.

Wanaotetea udhibiti wana hoja moja nzito: mahakama ni za polepole, uchochezi unasambaa ndani ya saa moja. Nakubali. Basi mdhibiti apewe uwezo wa kusimamisha kipindi husika kwa siku chache, si kituo kizima, na ndani ya siku hizo apeleke ushahidi mbele ya hakimu. Makosa madogo yaanze kwa kusahihishwa hewani, saa ileile yalipotangazwa, kabla ya kufikiria faini.