Nilijaza saa nne, nikapewa Popo

Basi bwana, hii ya mwaka wangu wa kwanza chuo nilikuwa naikwepa kuisimulia, maana mwenye kosa nusu ni mimi nusu ni mama, na mama ana bando siku hizi, anaingia huku na kusoma kila kitu.

Nilipata chuo Marekani, jimbo la katikati kule wanakolima mahindi mpaka macho yanachoka, chuo chenyewe wanafunzi zaidi ya 40,000, yani unakuta Muheza nzima iko foleni ya chakula. Sasa vyuo vile vikubwa vingi mwaka wa kwanza wanakutaka ukae bweni la chuo, na bweni halitolewi kama kwetu kwamba jina limetoka au halijatoka, ukikosa unabebana na mshkaji kitanda kimoja mpaka mitihani. Kule unaingia kwenye mtandao wao, unalipia kishika uchumba, unachagua. Bweni lenye AC bei yake, lisilo na AC bei yake (mimi nikachagua lisilo na AC, mtoto wa Tanga, joto gani la mzungu litanibabaisha. Mwezi wa nane lilinibabaisha).

Halafu juu ya bweni kuna kitu kingine, jumuiya za kusoma na kuishi pamoja. Ghorofa hii wahandisi watupu, ile wauguzi, kule wapenda mazingira, wanamuziki, wanaojifunza lugha, na ipo mpaka ghorofa ya walioapa hawagusi pombe. Mnapangiwa baadhi ya vipindi pamoja, jioni wanakuja watu wa kuwafundisha hesabu hapo hapo sebuleni, mara profesa anakuja kula na nyinyi. Nyingine wanataka uandike insha, nyingine zina ada yake ya ziada. Unapanga tatu kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mimi nikasema uhandisi. Mama akasema hiyo ya wasiokunywa pombe. Nkamwambia mama mimi sinywi. Akasema ndo maana. Tukabishana pale sebuleni mpaka shangazi akaingilia, tukamalizana uhandisi iwe ya kwanza ya bila pombe iwe ya pili, na mimi kwa vile nimeshinda ugomvi huo nikamwachia mama maswali mengine yote asome jibu. Kosa la kwanza hilo.

Maana baada ya jumuiya linakuja fomu la kutafutiwa mwenzako wa chumba. Wewe msafi? Unapenda wageni? Unasoma kwenye kelele au kimya? Mama anajibu kama yeye ndo anaenda chuo, "andika msafi sana," namtazama, anasema "andika." Bando linaelekea kwisha, betri asilimia nne, umeme umekatika tangu mchana.

Swali: unalala saa ngapi?

"Saa nne," mama kasema. "Saa nne uwe umelala baba'ngu, sitaki mambo ya kukesha."

Sio kwamba sijui saa ya kizungu jamani, msinianze. Simu yangu mwenyewe ikionyesha 22:00 kichwa kinasoma saa nne bila kufikiri, sasa tatizo ndo hilo, bila kufikiri. Mama katamka nne, kidole kikagonga 4. Pembeni imeshajiweka AM yenyewe, nikaiacha. Unaamka saa ngapi? Mama: "Saa kumi na moja, alfajiri." Nikagonga 11, AM, tena hapo nikajisifia kabisa moyoni kwamba alfajiri si ndo AM. Tuma. Simu ikazima.

Kwa hiyo kwenye mashine ya wazungu mimi ni kijana msafi sana, mhandisi, nalala saa kumi usiku naamka saa tano asubuhi.

Na mashine ikanitafutia wa kufanana naye.

Nimefika na begi langu na mashuka ya mama ya sita kwa sita (kitanda chao chembamba halafu kirefu, shuka linazunguka mara mbili kama sanda na miguu bado iko nje), nakuta jamaa kafunika dirisha kwa blanketi jeusi. Saa nane mchana hiyo, chumba giza totoro. Kijana mpole mno, mweupe kama hajawahi kuonana na jua, nikampa jina Popo kimoyomoyo, baadaye nikamwambia maana yake akalipenda akaliandika mlangoni. Akanikumbatia. Akasema kwao nyumbani wote walikuwa wanamwona mgonjwa, na aliposoma fomu yangu alimwita mama yake aje aone, kwamba kuna mtu mwingine duniani, kutoka Afrika, anaishi kama yeye. Kaninunulia hedfoni za gemu. Kaninunulia na taa ndogo ya mezani, rangi ya zambarau.

Sasa wewe mtu wa pwani umelelewa, mwenyeji kakupokea kwa zawadi, utaanzaje kusema umekosewa? Nikasema ahsante. Kosa la pili.

Wiki tatu, wallahi. Popo anaamka mimi ndo natoka darasani nimechoka, saa sita usiku yeye ndo "anaanza siku," anabonya kibodi kama mvua ya mawe kwenye bati, ananigeuzia kiti changu niingie gemu. Naingia. Saa kumi usiku anasema usiku mwema. Saa kumi na moja na kitu adhana inalia kwenye simu yangu, naamka kuswali, Popo hajapitiwa bado, anainua kichwa ananitazama kwa heshima kubwa. Akawa anawaambia watu ghorofa nzima kwamba mimi nalala saa moja tu kwa siku. Watu wa uhandisi wakaanza kuniuliza siri. Mmoja aliniuliza kama ni chakula.

Saa mbili asubuhi nina kemia, ukumbi wa watu mia tatu, viti vya kukunja vile vyenye mto. Siku moja nilikaa, nikafumba macho dakika moja tu nipumzishe, nafumbua namkuta mama wa makamo mbele anaonyesha picha ya sanamu lisilo na mikono. Nikanakili. Ukurasa mzima nimenakili nikidhani ni maabara. Kumbe kemia imeisha, kipindi cha katikati kimeisha, mimi niko historia ya sanaa, na pembeni yangu kuna binti kanisogezea karatasi za kipindi, shati langu limelowa udenda begani.

Tukafichuliwa na mama mwenyewe. Kapiga video, bwenini saa saba usiku, Tanga saa tatu asubuhi, hakuangalia saa wala nini, anaona taa ya zambarau. "Mbona hujalala? Si tuliandika saa nne?" Popo kaisikia sauti ya mama mtu akavua hedfoni kwa adabu, akauliza anasemaje, na mimi kwa usingizi ule sikuwa na uwezo wa kutunga uongo mwingine. Nikamweleza yote. Kwamba kwetu jua likichomoza saa ndo inaanza kuhesabiwa, saa saba yenu ya asubuhi kwetu ni saa moja, na karibu na ikweta jua halina maringo, linakuja karibu muda ule ule mwaka mzima.

Mimi nilitegemea atalia. Alifurahi! Eti hajawahi kusikia kitu cha akili kama hicho, mpaka saa ya ukutani akairudisha nyuma masaa sita.

Kesho yake tukaenda kwa RA, yule mwanafunzi mkubwa anayelea ghorofa, kiranja wa bweni tuseme. Kule mnajaza makubaliano ya chumba na mnasaini, wageni mwisho lini, nani anafagia, taa zinazimwa saa ngapi. Popo mwenyewe akadakia kwamba taa tutumie saa za kwetu, kwa heshima. "Taa zizimwe saa nne." RA akaandika hivyo hivyo, saa 4, saa za Kiswahili. Tukasaini wote. Nikatoka pale natembea kama nimeoa.

Usiku nikapiga mswaki, nikaingia kitandani, saa nne na nusu Popo bado anabonya. Nkamwambia kaka, saa nne imepita. Akageuka taratibu, akanionyesha karatasi, kaibandika ukutani kabisa.

"Zipo saa nne mbili," akasema. "Hapa haijaandikwa usiku."

Na kweli haijaandikwa. Kaisaini, nimeisaini. Nikachukua blanketi langu nikaenda mlangoni kwa RA tukarekebishe, nagonga hamna mtu, kuna kikaratasi tu: yupo saa 4 hadi 6. Nikabaki kwenye korido na mashuka ya mama shingoni, nahesabu kwa vidole.