Talaka kwa Kadhi: wakili ni wa lini?

Lamu wako wanaosema kwamba kumpeleka wakili kwa Kadhi ni kama kwenda msikitini na mkalimani. Kadhi anasikiliza Kiswahili, anauliza mwenyewe, na sheria anayohukumia ni ile ile watu waliyoisoma chuoni, yaani madrasa, tangu utotoni. Wakili wa nini? Wengine, hasa waliokwisha kuungua, wanakwambia usitie saini hata karatasi moja kabla wakili hajaiona. Pande zote mbili zina hoja. Ila zote zinabishana kuhusu chumba cha kesi, hali mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa kabla watu hawajafika humo.

Tuwape haki yao kwanza wanaomkataa wakili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inasema ndoa ya Kiislamu huvunjwa kwa sheria ya Kiislamu. Mwanamke wa Langoni au Mkomani anaweza kwenda mwenyewe kwa karani na cheti cha ndoa, kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akafungua madai, akalipa ada na akasikizwa. Kama mume anakiri kwamba ametoa talaka, na mahari hayana utata, kilichobaki ni kuandikisha. Hapo wakili hana la kufanya zaidi ya kukaa.

Na kukaa kwake kuna bei. Akitoka Malindi au Mombasa, kila tarehe ya kesi ni barabara hadi Mokowe, boti, chakula na pengine malazi. Kesi ikiahirishwa kwa sababu upande wa pili haukutokea, safari imelipiwa vilevile, na juu ya ada yake kuna VAT ya asilimia 16. Tena kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti: katika mji ambao wakwe hukutana baraza moja baada ya Alasiri, barua kali ya wakili humfanya mume aliyekuwa radhi ashupae.

Hoja ya upande wa pili ni kwamba makosa ya bei kubwa hufanyika siku ya kwanza, pale mdai anapoeleza anachotaka.

Ndoa ina milango mitatu ya kutokea. Mume akitoa talaka, mke aliyekwisha kuingiliwa anabaki na mahari yake yote, na kama sehemu iliakhirishwa, hilo ni deni la kulipwa. Ikiwa ni talaka rejea, ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, ana masurufu na makazi mpaka eda, muda wa mke kungoja baada ya talaka, iishe, na ana haki ya kudai mutaa, kile cha kumliwaza. Mlango wa pili ni khului: mke anajikomboa, kwa kawaida kwa kurudisha mahari, na mume hana rejea tena. Wa tatu ni faskhi. Huu anaufungua Kadhi mwenyewe baada ya kuthibitishiwa sababu, kwa mfano mume hawezi kumlisha mkewe, ametoweka, au anamdhuru. Mahari ya mke aliyeingiliwa hayaguswi.

Sasa chukua mke aliyetundikwa, hana ndoa wala talaka, mwaka mzima hajaona senti. Anafika kwenye meza ya karani amechoka na anasema, “Simtaki tena, nataka kuachwa.” Maneno hayo yakiandikwa kama yalivyo, yanasomeka kama khului. Mume anajibu kwa upole kwamba yeye hana kinyongo, arudishiwe mahari yake tu. Mke anakubali ili yaishe. Hakuna aliyevunja sheria hapo, na mke mwenye madai halali ya faskhi ameondoka amelipa. Kadhi makini huuliza na kuchimbua, lakini yeye ni mwamuzi, hawezi kumjengea mmoja kesi yake.

Kikao cha saa mbili na wakili anayejua fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, kingebadilisha madai hayo: tangu tarehe gani matumizi yalikatika, nani alikuwa anamlisha, mashahidi ni kina nani. (Nasema anayejua fikihi kwa makusudi. Wapo mawakili hodari wa kesi za ardhi ambao hawatofautishi khului na faskhi, na huyo ni ghali hata akija bure.) Angemwambia pia achukue taarifa ya M-Pesa, kwa sababu miezi kumi bila pesa kutoka namba ya mume husema zaidi ya shangazi watatu. Kama kuna kipigo, inatakiwa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ya kueleza majeraha, iliyojazwa mapema, si baada ya alama kufutika. Picha za WhatsApp zilizochapishwa huleta mzozo mara kwa mara. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti cha aliyeutoa, kikieleza ulivyopatikana na kwa kifaa gani. Ushahidi kwa Kadhi hufuata kanuni za Kiislamu, lakini upande wenye wakili utapinga tu, na cheti hicho ni ukurasa mmoja.

Kuna pia wito wa mahakama. Mume akiwa Ghuba, kesi nyingi hukwama kwa sababu hakuna ushahidi kwamba alijulishwa. Tangu marekebisho ya 2020, Kanuni za Mwenendo wa Madai zinaruhusu wito kupelekwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe wa simu, ila anayeupeleka lazima aape hati ya kiapo kwamba ulitumwa na ukafika. Hukumu iliyotolewa dhidi ya mtu asiyejulishwa inaweza kutenguliwa hata baada ya mke kuolewa tena, na huo ni mtihani ambao hakuna anayeutaka.

Watoto na nyumba ndiyo sehemu ninayoona wanaomkataa wakili wanajidanganya. Kifungu cha 170 hakikutaja malezi ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inayapeleka malezi na matunzo katika Mahakama ya Watoto, mbele ya hakimu, na hukumu za Mahakama Kuu kuhusu kama Kadhi naye anaweza kuyagusa hazijakaa upande mmoja. Mtu anayebandika talaka, malezi na matunzo katika madai mamoja anampa mwenzake nafasi ya kupinga mamlaka ya mahakama, na miezi inapotea kabla hata shahidi mmoja hajasimama. Faili mbili, moja kwa Kadhi na moja kwa hakimu, zinaonekana kama usumbufu, lakini ndizo zinazofika mwisho.

Nyumba ina mitego zaidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 3, inasema Mwislamu *anaweza* kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Neno hilo “anaweza” lina uzito. Chini ya sheria hiyo, mchango si pesa pekee: kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia vinahesabiwa. Wanaodhani maana yake ni nusu kwa nusu wamekosea. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba mgao hufuata mchango uliothibitishwa. Katika fikihi kila mmoja hubaki na chake, na aliyetia pesa zake katika nyumba ya mwenzake athibitishe kuwa alikopesha au alishirikiana. Mahakama utakayoingia inaweza basi kukubadilishia hesabu. Na ukijibu madai bila kupinga mamlaka, unahesabiwa kuwa umekubali.

Halafu ni nyumba ya nani? Katika mji wa kale wa Lamu, desturi ya koo nyingi ni binti kupewa nyumba na wazazi wake, na mume akahamia kwa mkewe. Talaka ikitoka, anayefungasha ni mume. Desturi haiko kwenye hati, lakini. Hati huwa bado ina jina la babu aliyefariki na mirathi yake haijagawanywa, au nyumba ni wakfu, na wakfu haugawanywi na mahakama yoyote ya ndoa. Malindi tatizo ni jingine: nyumba ya mtu imesimama juu ya ardhi ya mwingine, na hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi au mwaka. Ukitafuta hati miliki utapata jina la mwenye ardhi. Ushahidi wako ni mkataba wa kununulia nyumba, risiti za kodi ya ardhi na za fundi. Mwanamke ambaye risiti zote ziliandikwa jina la mume atahitaji mashahidi wa kusema pesa zilitoka wapi. Pale penye hati miliki, wakili aweke zuio kwenye sajili ya ardhi kabla barua ya kwanza haijatoka. Sheria inataka ridhaa ya wote wawili kabla ya kuuza mali ya ndoa, ila mnunuzi akishalipa, kumfuata ni safari ndefu.

Kwa ndoa za kanisani na za kiraia, kama zile za Mpeketoni na Witu au za Wakenya na Waitaliano wa Malindi, sina mizani ndefu: chukua wakili. Ombi huenda kwa hakimu, sababu lazima zithibitishwe, na karatasi huandikwa kwa Kiingereza cha mahakama. Marufuku ya kuomba talaka ya ndoa ya kiraia kabla ya miaka mitatu ilitenguliwa na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2019, na bado wapo wanaoambiwa wasubiri.

Kwa hiyo, kwa Kadhi, mlipe wakili wa kushauri na kuandika, si wa kusimama, isipokuwa kuna ubishi wa nyumba au mwenzako amekuja na wake. Kazi ya namna hiyo inaruhusiwa. Sema wazi kwamba unataka ushauri na madai tu, na bei iandikwe na kutiwa saini. Atakayekuambia atalipwa tu ukishinda anakupa mkataba ambao Sheria ya Mawakili inaukataa. Kabla ya kulipa, mtafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili uone kama ana cheti cha mwaka huu, maana vishoka wa nje ya mahakama hawakosekani. Asiye na uwezo ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa.

Mkipatana mbele ya wazee, yaandikeni maridhiano hayo na kuyapeleka mahakamani yawe amri. Ahadi ya barazani ya shilingi kadhaa kwa mwezi haina wa kuitekeleza mume akioa mwengine. Hukumu ikitoka na hukuridhika, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Nakala ya hukumu iombwe kwa maandishi siku ile ile, kwa sababu muda wa karani kuchapa hauondolewi kwenye siku hizo mpaka mahakama yenyewe iuthibitishe.