Wasiikimbilie Pentland Firth

Nimesikia habari za mume na mke wanaokizunguka kisiwa cha Uingereza kwa mashua ya tanga, wakichangisha fedha za RNLI. Hongera sana kwao. Shirika hilo la uokoaji baharini, lililoanzishwa mwaka 1824, huendeshwa zaidi kwa michango ya watu, na waokoaji wake wengi ni wa kujitolea: mwalimu, fundi bomba, mvuvi, anaacha chakula mezani na kukimbilia boti usiku wa tufani. Nawaombea subira tu wakifika Pentland Firth, mlango wa bahari kule kaskazini mwa Uskoti. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, mkondo wa pale unaweza kuzidi kilomita 20 kwa saa, tanga halifui dafu. Bora watie nanga wasubiri maji yatulie, hata ratiba ikichelewa wiki nzima. Mchango wangu nimeshatuma.