Namba 20 za LUKU na mita inayojijaza yenyewe

LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha saa tatu usiku. Unamulika mita kwa tochi ya simu, unabofya namba 20, unakosea ya kumi na saba, unaanza upya. Kwa kero hiyo, nani atazikataa mita janja ambazo TANESCO, shirika la umeme Tanzania, imeanza kuzifunga? Unalipa kwa simu, uniti zinaingia zenyewe.

Faida yake si ndogo. Bibi asiyeona vizuri hamsubiri tena mjukuu atoke shule. Kumbuka pia Novemba 24, 2024, siku ambayo mita zote za mfumo wa kubofya namba 20 duniani zilipaswa ziwe zimeshaboreshwa: kila kaya ilitakiwa kuingiza mistari miwili ya namba 20 kabla hata ya kufika kwenye uniti zake, la sivyo mita isingepokea tokeni mpya, yaani namba za uniti. Kwa mita janja, kazi hiyo humalizwa ofisini. Wizi wa umeme nao huonekana bila fundi kupita nyumba kwa nyumba, jambo ambalo vishoka, wale mafundi wasio rasmi, hawatalifurahia.

Ila mita ya kubofya ina sifa ambayo hatuisemi kwa sababu tumeizoea: inajitosheleza. Haimuulizi mtu yeyote kama tokeni ni halali, inaihakiki yenyewe. Mtandao unahitajika wakati wa kununua tu, na kununua hakuchagui mahali. Kijana yuko Mwanza, mama yuko Newala, namba zinatumwa kwa meseji au zinasomwa kwa simu huku jirani akibofya. Mfumo wa manunuzi ulipokwama kwa siku kadhaa Mei 2021, aliyekuwa na tokeni aliyoinunua mapema aliiingiza kama kawaida.

Tusiipambe kupita kiasi, lakini. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, mwanzoni ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Vitufe havikumkinga mtu na makato hayo, kwa kuwa yanafanyika kabla namba hazijatoka. Vilichokikinga ni kile kilichokwisha kuingia: uniti zilizomo ndani ya mita hakuna anayezifikia akiwa mbali.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo: mita janja inaweza kuzimwa kwa mbali. Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kukopesha mitambo ya umeme wa jua yenye laini ya simu ndani. Usipolipa, taa zinazimwa kwa mbali. Kaya nyingi zisizo na fedha taslimu zilipata mwanga kwa njia hiyo, na sharti lilijulikana mapema. Tena lina mwisho: deni likiisha, mtambo ni wako. Mita ya umeme haina siku ya namna hiyo.

Kwa hiyo mita janja zije, ila vitufe vibaki kwa siku ambayo mtandao haupo. Uniti zilizolipiwa zihifadhiwe ndani ya mita yenyewe, na kanuni iseme waziwazi nani anaruhusiwa kuuzima umeme kwa mbali, kwa sababu gani, na baada ya taarifa ya siku ngapi.