Waandaaji wa safari za kambi, mtajeni kupe

Vikundi vya kupanda milima na kulala porini vimeongezeka sana mijini kwetu, na kila safari ikitangazwa huja na orodha ya vitu vya kubeba: tochi, koti la mvua, dawa ya tumbo, dawa ya mbu. Maswali yanayofuata huwa ya simba na nyoka. Kupe hatajwi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa, kwa sababu simba wengi wetu tutamwona kwa mbali tu tukibahatika, lakini kupe yuko kwenye nyasi zile zile tunazotandikia hema.

Kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini kama wengi wanavyodhani. Hupanda jani la nyasi, akashika kwa miguu ya nyuma, akanyoosha ya mbele hewani na kusubiri kitu chenye damu kipite. Wapo pia wasiosubiri. Yule mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, ambaye wataalamu humwita Amblyomma variegatum, akihisi pumzi yako hutoka mafichoni na kukufuata. Ndiyo maana mahali pa kupiga kambi ni suala la kufikiria. Kivuli kizuri cha mti mara nyingi ndicho ng'ombe wanachopumzikia mchana, na njia nyembamba inayoelekea mtoni ni ya wanyama kabla ya kuwa yako. Katika kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, pundamilia hula nyasi hadi karibu na mahema. Picha zake ni nzuri mno, ila wageni hao hawaji peke yao.

Mavazi yanasaidia kweli: suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi, rangi isiyokoza ili kupe aonekane anapopanda. Dawa yenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, ni ya kupaka ngozini. Permethrini, dawa ya kuua wadudu, ni ya nguo, viatu na hema, iachwe ikauke kabla ya kuvaa, na isipakwe mwilini.

Lakini kama kuna jambo moja ningelilazimisha kila kambi, ni ukaguzi wa jioni. Kabla ya kulala, kila mtu aingie hemani avue nguo ajitazame kwa tochi: kwapani, kinenani, kitovuni, nyuma ya magoti, kiunoni pale mkanda unapobana. Watoto wakaguliwe nyuma ya masikio na kwenye nywele. Pitisha pia ncha za vidole, maana vikupe vichanga ni vidogo kama pilipili manga iliyosagwa na huweza kukupanda vingi kwa pamoja. Vikiwa bado vinatembea, bandika selotepu juu yake na uibandue.

Aliyekwisha kung'ata anatolewa kwa kibano chenye ncha nyembamba. Mshike chini kabisa, pale mdomo unapoingia ngozini, si kwenye tumbo, kisha vuta kwenda juu taratibu bila kukatisha. Utaiona ngozi inainuka kidogo kabla hajaachia. Osha kwa sabuni, paka spiriti, andika tarehe. Mambo ya kumchoma kwa njiti ya kiberiti au kummwagia mafuta ya taa tuyaache: unamsumbua bado akiwa amekung'ata, na unaweza kujiunguza. Wala usimpasue kwa kucha. Homa ya Crimea-Congo, ugonjwa hatari wa virusi ambao Uganda imepata wagonjwa wake, huweza kuambukizwa kwa kumponda kupe kwa mikono mitupu.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Rafiki yangu alirudi kutoka kambini, na siku chache baadaye akashikwa na homa, kichwa kikampasuka, misuli ikauma. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa mseto hata hivyo. Wakati wote huo alikuwa na kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pajani, na mtoki umevimba kinenani. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi, naye hakuona sababu ya kusema. Hiyo ndiyo sura ya homa ya kupe ya Afrika: kwa kawaida huanza kama wiki moja baada ya kung'atwa, na hutibika vizuri kwa doksisaiklini, antibiotiki ambayo daktari ataiandika. Ukisoma mitandaoni utakutana zaidi na ugonjwa wa Lyme, nao wa kupe, na lile duara jekundu lake ngozini. Huo ni wa Ulaya na Marekani Kaskazini hasa. Anayesubiri duara huku kwetu atakipuuza kigaga.

Wapo pia papasi, kupe wa majumbani, na hawa ukaguzi wa jioni hauwapati. Hukaa kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, huja usiku, hunyonya kwa muda mfupi bila maumivu na kurudi mafichoni kabla hujaamka. Mwaka 1905 Joseph Dutton na John Todd walithibitisha huko Congo kwamba papasi hueneza homa inayopona na kurudi, na Dutton alikufa mwaka huohuo kwa homa hiyo hiyo. Kwa mjamzito ni hatari zaidi. Kwa hiyo mvua ikinyesha, usikimbilie kulala sakafuni kwenye kibanda kikuukuu. Baki hemani, au pata kitanda kilichoinuka, mbali na ukuta, chenye chandarua.

Homa yoyote baada ya safari ipimwe malaria kwanza, maana malaria huua haraka. Ila kipimo kikiwa safi, mwambie daktari bila kuulizwa: nililala porini, huenda niling'atwa na kupe au papasi. Muonyeshe kigaga, hata kama kiko mahali pa aibu.

Na waandaaji, wiki moja baada ya kurudi tumeni ujumbe mmoja kwenye kundi: nani ana homa, nani ana kidonda cheusi? Homa ya kupe mara nyingi huwakamata kadhaa wa safari moja, na wa pili kuugua atatibiwa mapema kama atajua kilichompata wa kwanza.