Daktari Kasema Nitembee

Daktari kasema nitembee. Hakusema wapi, kwa sababu yeye ana gari, na mwenye gari akikwambia "tembea" anafikiria uwanja wa mpira, raba mpya na chupa ya maji. Mimi nakaa Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Huku kwetu hakuna kutembea. Kuna kupanda na kuna kushuka, na ukiona unashuka sana ujue kuna kilima kinakusubiri kimekunja mikono.

Mama Zaina naye, ambaye siku zote nikisema neno hanisikii, hilo la daktari alilisikia akiwa jikoni. "Si uende Soni kwa miguu ukamsalimie shemeji yako? Pitia kule juu, njia ya mkato. Ni hapo tu."

Kwa barabara ya lami, Lushoto hadi Soni ni kama kilomita 15. Na Soni iko chini kuliko Lushoto, hata gari linalotoka Mombo linaifikia Soni kwanza, ndipo linaendelea kupandisha kuja kwetu. Kwa akili ya kawaida, basi, mtu anayekwenda Soni angeteremka tu mpaka afike. Waliochonga njia ya miguu hawakuwa na akili ya kawaida. Unashuka bondeni kwenye makabichi, unavuka mto kwa gogo, unapanda mpaka kwenye mikaratusi, unahema, unachungulia mbele, unaona bonde jingine lina makabichi yake na gogo lake.

Lakini milima ningeisamehe. Walionishinda ni watu.

Ukipanda Noah, mnabanwa wanne kiti cha watatu na hakuna anayejali unakwenda wapi isipokuwa konda, naye anataka hela yake tu. Kwenye njia ya miguu kila mtu ni konda, na hakuna anayetaka hela. Wanataka habari. Tena njia yenyewe haipiti porini, inapita nyuma ya jiko la mtu, chini ya kamba ya nguo za mtu, katikati ya maharage ya mtu. Huwezi kujifanya huoni. Unainua shuka la watu lililoanikwa upite, mwenye shuka amesimama anakutazama, utaachaje kusalimia?

Nilianza na bibi mmoja alikuwa anachuma maharage.

Akanianza yeye kwa salamu ya Kisambaa, nami nikamjibu na shikamoo juu yake. Akaniuliza nimeamkaje, nyumbani wameamkaje, mbuzi wameamkaje. Mbuzi sina, lakini nikasema hawajambo, ili tumalize. Hatukumaliza.

"Mbona unatembea? Gari limekufa?"

"Sina gari, bibi."

"Basi nauli imekupungukia."

"Nauli ninayo. Daktari kasema nitembee."

Hapo ndipo nilipojiharibia siku. Bibi aliweka ungo chini, akashika kiuno, akageukia ng'ambo ya bonde, akapaza sauti ambayo sikujua mwili ule unaiweka wapi: "Baba Zaina anaumwaaaa!" Ng'ambo wakaitikia. Mimi hata jina langu sikuwa nimemtajia.

Watu wanasema mtandao huku milimani ni wa shida. Mtandao wa simu, sawa. Nilipofika kilima cha pili habari zangu zilikuwa zimeshafika, zimekaribishwa, zimekunywa chai. "Pole sana, tumesikia kisukari." Kilima kilichofuata: "Pole, kumbe na presha?" Mbele yake mzee mmoja, alikuwa anatema kuni, akauangalia mguu wangu wa kulia kwa huzuni kubwa, akaniuliza, "Sasa wanaukata lini?"

Huku kwetu mgonjwa hapiti mikono mitupu. Huyu kanipa majani ya mlonge. Yule kanipa bamia, nizilowekee usiku ninywe maji yake alfajiri. Mwingine kanipa magome ya mti ambao hakutaka kuutaja jina, kasema nisiulize, nichemshe. Na wote hao, baada ya kunipa dawa ya sukari, walinikaribisha chai. Vijiko vinne. Ukisema "mimi sukari nimekatazwa" wanakuonea huruma, wanapunguza kijiko kimoja. Kuna mama alinijazia mifuko ya koti plamsi zilizoiva, zile nyekundu zinazopasuka ukizigusa tu. Zilipasuka. Kuanzia hapo kila aliyeniona aliniuliza na damu ile ni ya nini.

Halafu kulikuwa na yule dada wa tenga. Nisimsahau, maana yeye hatanisahau. Alinipita kwenye mpando, tenga la karoti kichwani, mtoto mgongoni, mkono mmoja anaongea na simu. "Pole baba," akasema, akapotea. Nikajifariji kwamba yeye kazoea. Nilikuwa bado nimekaa kwenye jiwe lilelile, au labda la pili yake, nilipomwona anarudi. Alikuwa amefika kwenye gulio, ameuza, amenunua mafuta ya kula na sabuni, mtoto ameshaamka na analamba pipi. "Hujafika tu, baba?" Na mtoto akanipungia mkono.

Mvua ikaanza. Si mvua ya maana, ni manyunyu yale ya ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Magamba, ambayo hayakulowanishi wewe ila yanalowanisha njia. Udongo wetu mwekundu ukishapata maji kidogo, unang'ang'ania kwenye soli. Unapiga hatua, unaongezeka. Unapiga nyingine, unaongezeka tena, tena kwa mguu mmoja kuliko mwingine, mpaka nikawa natembea mguu wa kushoto ni wa mtu mrefu na wa kulia ni wa kaka yake mfupi. Nikachukua kijiti nikakwangua. Hatua mbili mbele, kilimo kimeanza upya.

Miaka ya 1950 Mwingereza aliwalazimisha watu wa Usambara kulima matuta kwenye miteremko ili udongo usisombwe. Watu wakagoma, maana ilikuwa kazi ngumu ya bure na hawakuulizwa. Wazee wakiisimulia ile habari wanakaa wima, na mimi siku zote nimekuwa upande wao kabisa. Siku hiyo kwa muda mfupi nilihamia upande wa Mwingereza. Nilikuwa nateleza kwa makalio kwenye shamba la mtu, mlonge mkono huu, bamia mkono huu, natafuta tuta hata moja linizuie, hakuna. Kilichonidaka ni mstari wa majani ya Guatemala, yale yanayopandwa kukinga udongo. Yanakinga kweli. Yana makali pia, lakini nani ataanza kuchagua?

Sasa nikiwa nimekwama pale kwenye majani, wakatokea watalii. Wazungu watatu na kijana anayewaongoza, kila mmoja ana fimbo mbili za chuma, mabuti mpaka kwenye vifundo, na koti la mvua lenye zipu hata kwenye kwapa. Hawa wamelipa. Wametoka kwao, wamepanda ndege, wakatoa hela ili waruhusiwe kuteseka kwenye njia ambayo mimi naikimbia kila siku kwa kupanda Noah. Wakasimama. Kijana akawaeleza kitu kwa Kiingereza kirefu huku akininyooshea mkono, mimi, dawa zangu za mitishamba, na doa langu la plamsi. Sijui aliwaambia nini. Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakapiga picha. Mmoja akanishukuru. Nikamwambia karibu tena.

Ukikaribia Soni, upande wa Magila, kuna mawe ambayo watu husema yanakua. Kila mwaka yako juu zaidi. Wenye elimu wanasema mawe hayakui, ni udongo unaozolewa na mvua ndio unayaacha wazi. Nakubaliana nao, na kama kuna anayeutafuta udongo wenyewe, ulikuwa kwenye viatu vyangu.

Nikafika. Shemeji hakuwepo, jirani kasema alipanda gari asubuhi kwenda Lushoto, kuna mtu kampigia simu kuwa mume wa dada yake yuko hoi.

Nikajikokota stendi. Noah ipo, imebakiza viti vya nyuma, nikafungua mlango niingie kama binadamu wengine. Konda akanizuia kifuani kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa konda yeyote wa njia hii.

"Mzee, habari zako tumezipata. Usikae. Lala kiti cha nyuma, nyoosha mguu huo vizuri. Abiria, sogeeni, tuna mgonjwa!"

"Mimi siumwi."

"Sawa, mzee. Ila mgonjwa wa kulala analipa nauli za watu watatu."

Nikatazama nje. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za maduka, na kule juu njia ya mkato ilikuwa inanisubiri na bibi yake wa maharage. Nikalipa. Nikalala na bamia zangu kifuani mpaka Lushoto, abiria wanaongea kwa kunong'ona wasinisumbue, na kusema ule ukweli, miaka yote hii sijawahi kupanda gari la Soni bila kupakatishwa mtoto wa mtu.