WALL-E majumbani mwetu: kilichomo kwenye diski na kinachopotea njiani

Filamu ya WALL-E, iliyotengenezwa na studio ya Pixar na kusambazwa na Disney, ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni 2008, na ilipofika Novemba mwaka huohuo ikauzwa kwa DVD na Blu-ray ili watu waitazame majumbani. Kwa Mmarekani huo ulikuwa mlango wa pili. Kwa sisi wa Unguja na Pemba ulikuwa ndio mlango, kwa sababu enzi ya majumba ya sinema yaliyowakutanisha wazee wetu, Majestic ya Vuga, Empire na Cine Afrique, ilikuwa imeshapita, na tamasha la filamu la Ngome Kongwe, pamoja na umuhimu wake wote, haliwezi kubeba kila katuni ya watoto inayotoka ulimwenguni. Hapo ndipo unapozuka ubishi ninaotaka kuupima. Wapo wanaosema kwamba filamu hii haitazamiki nyumbani bila ya kupungua, na wapo wanaosema kwamba nyumbani ndipo mahali pake hasa.

Kisa chenyewe si kirefu. Ni mwaka 2805, na kwa karne saba wanadamu wameihama dunia iliyojaa taka, wakawa wanaishi ndani ya chombo cha anga kiitwacho Axiom ambamo kila kazi hufanywa na mashine. Duniani amebaki roboti mmoja, WALL-E, anayeshindilia taka kuwa matofali na kuyapandanisha hadi yakawa marefu kama maghorofa. Anashuka EVE, roboti wa kisasa aliyetumwa kutafuta dalili ya uhai, na mche mmoja uliotiwa ndani ya buti kuukuu ndio unaoanzisha safari nzima. Mwongozaji ni Andrew Stanton, na filamu yake ilipata Oscar ya katuni bora mapema mwaka 2009.

Hoja ya kwanza ya wanaoitetea nyumba ni ya lugha, na mimi naiona nzito. Zaidi ya nusu saa ya mwanzo haina mazungumzo yoyote ya kutajika. Roboti wawili wanaitana majina, wanashangaa, wanaogopa, na yote hayo yanaeleweka kwa macho na kwa sauti za mashine. Katuni nyingi za Kimarekani hutegemea mzaha wa maneno, na mtoto wa Wete au wa Makunduchi asiyejua Kiingereza hubaki kucheka pale wenzake wanapocheka. Hapa bibi aliyeketi juu ya mkeka na mjukuu wake wa darasa la pili wako sawa, na iwapo mmoja wao hakufahamu kwa nini EVE amezimika baada ya kuupokea mche ule, filamu inasimamishwa, inarudishwa nyuma, inatazamwa tena. Ukumbi wa sinema haumngojei mtu.

Hoja ya pili inatoka ndani ya filamu yenyewe. WALL-E ana mkanda wa video wa filamu ya nyimbo ya mwaka 1969, Hello, Dolly!, ambao huuchezesha anaporudi kutoka kazini, na kwa kuwa kioo chake ni kidogo huweka lenzi kubwa mbele yake ili picha ikue. Kutokana na mkanda huo amejifunza kwamba viumbe wanaopendana hushikana mikono, na tamaa hiyo moja ndiyo inayoivuta hadithi hadi mwisho. Aliyekulia mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, katika miaka ya 1980 na 1990, wakati nyumba moja yenye deki ilipokuwa ikikusanya watoto wa mtaa mzima na mkanda ukichezwa hadi picha zikaanza kukwaruza, hahitaji kufafanuliwa sehemu hiyo. Filamu inamtukuza mtazamaji wa nyumbani, tena mwenye mkanda mmoja tu.

Hata hivyo filamu hiyohiyo inatoa ushahidi kwa upande wa pili. Abiria wa Axiom wamelala juu ya viti vinavyoelea, kila mmoja na kioo chake usoni, na wanazungumza kwa kupitia vioo hata wakiwa ubavu kwa ubavu. Kioo cha bibi mmoja, Mary, kinapozimika kwa bahati, ndipo anapogundua kwamba chombo kina bwawa la kuogelea. Kwa hiyo anayesema kwamba kutazama nyumbani kunamtenga mtu na wenzake, akimaanisha mtoto aliyejifungia na simu chumbani, anaweza kuiita filamu yenyewe iwe shahidi wake. Naona kwamba pande zote mbili zinasoma sawasawa, ila hazizungumzii nyumba moja. Nyumba ya deki ilikuwa na kioo kimoja na watu wengi. Nyumba ya leo ina vioo vingi, na jinsi kila mmoja anavyoketi mbele ya chake inakaribia sana Axiom.

Wapenzi wa sinema wana hoja nyingine iliyo ngumu zaidi kuijibu, nayo ni ya picha na sauti. Pixar walimwita Roger Deakins, mpiga picha mashuhuri wa filamu za waigizaji, awe mshauri wao, na lengo lao lilikuwa katuni ionekane kama iliyopigwa kwa kamera ya kweli, pamoja na ukungu wake, vumbi lake na mambo ya nyuma yanayofifia. Picha ni pana mno. WALL-E anapopita baina ya minara ya taka, udogo wake ndio maana ya tukio. Kwenye simu ya mkononi udogo huo unakuwa nukta, na mtazamaji haoni upweke, anaona kioo cha kahawia.

Sauti ni hasara kubwa zaidi, kwa vile katika filamu isiyo na maneno sauti ndiyo matamshi. Aliyezibuni ni Ben Burtt, ambaye pia ndiye mwenye sauti ya WALL-E. Mlio wa silaha ya EVE ulitokana na kugongwa kwa springi ndefu ya kuchezea watoto. Mwendo wa WALL-E ulipatikana kutokana na jenereta ya zamani ya kijeshi inayozungushwa kwa mkono. Mambo haya huyapati kwa kuitazama filamu tu. Unayapata katika diski, ambamo Burtt mwenyewe anaonekana akigonga, akizungusha na akieleza, na mtoto akishaona hivyo huanza kugonga kila chombo cha jikoni. Kwa hili sinema haina la kujibu, maana ukumbini taa huwashwa na watu hutoka.

Yaliyomo kwenye diski, kwa kweli, ndiyo yanayonifanya nielemee upande wa nyumba. Kuna filamu fupi iitwayo BURN-E, isiyofika dakika kumi, iliyotengenezwa mahsusi kwa toleo la nyumbani: roboti fundi wa kuchomelea anatengeneza taa juu ya ganda la Axiom, na kila anapokaribia kumaliza, mikasa ya WALL-E na EVE inamharibia kazi, hadi mlango unafungwa naye yuko nje. Ni kisa kilekile kikionekana kwa jicho la kibarua ambaye wakubwa hawakumwona. Kuna pia tukio lililoondolewa, la ndani ya shimo la taka la chombo. Hapo awali EVE ndiye aliyeumizwa na WALL-E ndiye aliyemtengeneza. Stanton baadaye aligeuza, WALL-E ndiye akaumizwa, na mwelekeo wa huruma ukabadilika. Kijana anayetaka kujifunza utunzi wa hadithi akilinganisha matukio hayo mawili, la zamani na lililobaki, amepata somo ambalo ni nadra kupatikana katika skuli zetu.

Sasa tuulize: ni nani hapa visiwani aliyeyaona hayo? Ulimwengu wa DVD uligawanywa kanda. Marekani ilipewa kanda namba 1, nchi za Ghuba namba 2 pamoja na Ulaya, na sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, namba 5. Maana yake ni kwamba deki iliyonunuliwa Dubai, na nani Unguja ambaye hana jamaa aliyerudi na chombo kutoka Dubai au Maskati, kwa utaratibu wa wenye mali haikutakiwa kucheza diski iliyoandaliwa kwa ajili yetu, wala diski aliyoituma shangazi kutoka Marekani. Mafundi walizifungua deki nyingi, na nyingine zilikuja zikiwa wazi, lakini ukuta uliwekwa kwa makusudi. Hali haikubadilika sana ulipokuja utazamaji wa intaneti: Disney+ ilipoanza Afrika Kusini mwaka 2022, Tanzania haikuwamo.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na duka la kuwekea flashi. Unaingia, kijana anafungua jalada lililoandikwa KATUNI, unachagua, anakunakilia, unalipa, unaondoka. Kisheria hakuna utetezi. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na msanii wa taarab wa hapa anayelalamika kuibiwa kazi yake hawezi kusikilizwa ikiwa tutaufumbia macho wizi huohuo kwa kuwa mwenye mali yuko California. Ila mwenye mali huyo naye hakuwahi kumwekea mtu wa Konde au wa Micheweni rafu ya kununulia kihalali kwa bei inayolingana na kipato chake, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kupita dirishani kwa ukali uleule kama kwamba mlango ulikuwa wazi.

Kwangu mimi dosari kubwa ya nakala hizo, ukiacha sheria, ni kwamba hazikamiliki. Filamu imebanwa ili itoshe, sauti imepigwa pasi, BURN-E hayumo, na mara nyingi mwisho umekatwa mara tu majina yanapoanza kupanda. Katika filamu nyingine hasara hiyo ni ndogo. Katika WALL-E majina yanapanda pamoja na michoro inayoendeleza hadithi: wanadamu waliorudi duniani wanajifunza kulima, kuchimba visima, kuvua na kujenga, na michoro hiyo inapita katika historia ya sanaa, kuanzia mtindo wa picha za mapangoni, kupitia wa Wamisri wa kale, hadi unaofanana na wa Van Gogh. Aliyekatiwa mwisho anabaki na kundi la watu wanene, wasiojua hata kutembea vizuri, waliotua juu ya jangwa la taka na mche mmoja. Anaweza kwa haki kabisa kusema kwamba mwongozaji amewacheka watu hao kwa unene wao kisha akawatelekeza. Lawama hiyo imetolewa hata na waliotazama kamili, na haikosi msingi, lakini michoro ile ni sehemu ya jibu, na mtu hastahili kuhukumu kesi ambayo amenyimwa nusu ya ushahidi wake.

Ipo lawama nyingine ambayo sioni kama inajibika. Filamu inayoonyesha dunia iliyozikwa chini ya bidhaa za kampuni moja iliuzwa na kampuni kubwa mno, ikiambatana na vinyago vya plastiki vya WALL-E na EVE, na diski yenyewe ni plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka miwili kabla ya filamu kutoka, kwa hiyo mtu wa hapa hakuhitaji roboti wa kumfundisha kuhusu taka. Anayeishi karibu na jaa la Kibele ana zaidi ya kusema. Wanaoitetea wanajibu kwamba mafunzo yamewafikia mamilioni ya watoto. Huenda, lakini vinyago navyo vimewafikia.

Jambo la umeme nalitaja kwa ufupi. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja katikati ya 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, na Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli hadi waya wa baharini kutoka Tanga ulipowashwa mwaka 2010. Katika miezi hiyo diski ilikuwa pambo tu, na roboti anayejichaji kwa jua kila asubuhi alikuwa ametushinda kwa maendeleo.

Mwezi Novemba 2022 kampuni ya Criterion, inayojulikana kwa kuhifadhi filamu za heshima, ilitoa WALL-E kwa ubora wa juu kabisa, ikiwa ni mara ya kwanza kwake kuchukua kazi ya Pixar. Ni toleo la kutamaniwa, ila mashine yake na televisheni yake si vitu vya nyumba ya kawaida ya Chake Chake, na sioni busara ya kuyafanya hayo kuwa kipimo. DVD ya 2008 iliyokwisha tumika, ikichezwa katika deki iliyofunguliwa kanda, pamoja na spika mbili za heshima, inatosha kwa darasa zima la skuli. Na kwa kuwa duka la flashi halitafungwa kesho, mteja angalau adai filamu isikatwe baada ya tukio la mwisho, na BURN-E naye aingizwe katika jalada lilelile. Hachukui hata robo ya nafasi ya filamu yenyewe.